Siri Inayotunzwa kwa Namba Isiyo Siri

Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, ile iliyowahesabu waliolala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, iliukuta Mkoa wa Singida una watu 2,008,058. Namba hiyo ni mali ya wapanga mipango. Wao wataigawa kwa zahanati, visima na madawati. Jioni hii naiazima kwa kazi nyingine. Igawe kwa 2, unapata 1,004,029. Hapa mtu mvivu huweka kalamu chini, maana namba iliyobaki inakataa 3, inakataa 5, inakataa 7 na 11. Ijaribu kwa 13: inaingia sawasawa mara 77,233. Ijaribu 13 tena, unapata 5,941; na tena, unapata 457. Hiyo 457 haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Basi watu wote wa Singida ni 2 × 13 × 13 × 13 × 457, na imethibitishwa kwamba hakuna namna ya pili ya kuivunja namba hiyo hadi mwisho wake: atakayeanza na 457 na atakayeanza na 2 watamaliza wakiwa na vipande vilevile. Taifa zima, watu 61,741,120, ni 2 sita zilizozidishana, kisha 5, 7, 43 na 641. Naomba hiyo 641 iwekwe kiporo, tutairudia. Na wapiga ramli wasitafute neno katika 13 zile tatu. Angehesabiwa mtu mmoja zaidi kule Mkalama, zote tatu zingetoweka.

Namba kama 13, 457 na 641 vitabu vyetu vya shule huziita namba tasa. Jina hili lina ukali wake, na kwa maoni yangu limekosea upande. Tasa ni asiyezaa. Sasa 457 imekosa kuzaa nini, wakati 914, 1,371 na 2,008,058 ni wajukuu zake, na wajukuu hao hawana mwisho? Kinachokosekana kwa 457 ni wazazi: hakuna namba mbili ndogo kuliko yenyewe zilizozidishana zikaileta duniani. Ingekuwa haki zaidi kuziita namba yatima. Lakini jina limekwisha kushika, watoto wanalifanyia mtihani, na mhadhara mmoja hauwezi kulibadilisha. Itoshe kukumbuka kwamba kila namba nzima kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama imejengwa kwa tasa, kama nyumba ilivyojengwa kwa tofali.

Namba tasa ninayotaka kuizungumzia si 457. Iko mfukoni mwa wengi humu ukumbini. Mkulima wa Ikungi anapomtumia dalali wa Dar es Salaam picha ya magunia ya vitunguu kwa WhatsApp, au mchuuzi wa soko la Misuna anapouliza bei ya leo kabla hajapakia, simu zao huonyesha maneno kwamba ujumbe umesimbwa fiche mwisho hadi mwisho. Wengi hupita juu ya maneno hayo kama wanavyopita juu ya masharti ya mkataba wa bando. Nyuma yake ipo namba moja ambayo simu zote mbili zinaitumia, na ambayo imewekwa humo tangu usimbaji huo ulipokamilishwa kwa watumiaji wote wa WhatsApp mwezi Aprili 2016. Ni 2 iliyojizidisha mara 255, ikapunguzwa 19. Kwa kifupi huandikwa 2²⁵⁵ − 19. Kwa urefu ni hii:

57896044618658097711785492504343953926634992332820282019728792003956564819949

Zihesabu tarakimu zake, ni 77. Hoja yangu ni moja. Namba hii inatufaa kwa sababu kila linalodaiwa juu yake linaweza kukaguliwa na mtu asiye na cheo chochote, mahali popote, kwa hesabu ambayo shina lake ni kuzidisha na kugawa. Anayesema ni tasa hatuombi tumheshimu. Anatupa njia ya kumkamata kama amekosea. Nitajaribu kuonyesha kwamba ukaguzi huo si mapambo. Hiyo ndiyo nguvu yenyewe ya namba hii, na pale ukaguzi unapokoma ndipo mashaka halali yanapoanza.

Tuanze na ushahidi wa historia, kwa kuwa wakubwa wameshawahi kukosea hadharani katika jambo hili. Karne ya 17 Pierre de Fermat, Mfaransa aliyejua namba kuliko karibu wote wa zama zake, alizitazama 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja inapatikana kwa kuchukua 2, kuipandisha kwa kipeo ambacho nacho ni 1, 2, 4, 8 au 16, kisha kuongeza 1. Zote tano ni tasa. Akaamini kwamba mlolongo utaendelea hivyo milele, na kwa heshima yake wengi waliamini pamoja naye. Namba ya sita ni 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641, ile tuliyoiweka kiporo, na jibu lake ni 6,700,417. Mtu yeyote mwenye karatasi anaweza kuzidisha hizo mbili na kumaliza ubishi. Mwaka 1644 padri Marin Mersenne naye alitoa orodha ya vipeo ambavyo 2 ikipandishwa kwavyo na kupunguzwa 1 huleta namba tasa. Orodha ilikuwa na 67 na 257, ambavyo havistahili kuwamo, na ikaacha 61, 89 na 107, ambavyo vinastahili. Kosa la 67 lilidumu zaidi ya miaka 200. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, lakini hakuweza kutaja hata kigawo chake kimoja. Alijua ghalani mna panya bila ya kumwona panya. Panya alionekana mwaka 1903, pale Frank Nelson Cole alipowaandikia ubaoni wanahisabati wenzake wa Marekani kwamba 193,707,721 ikizidishwa kwa 761,838,257,287 inaleta 147,573,952,589,676,412,927. Husimuliwa kwamba hakusema neno lolote, na kwa kweli neno lilihitajika la nini?

Kisa cha Lucas na Cole kina jambo ambalo ni rahisi kulipita. Kuzidisha namba mbili ndefu ni kazi ya dakika chache. Kuzitafuta zikiwa zimefichwa ndani ya jibu kunaweza kula maisha. Na katikati ya hayo mawili lipo jambo la tatu, la ajabu zaidi: unaweza kujua kwa uhakika kama namba ni tasa au si tasa bila kuitafutia vigawo. Bila jambo hilo la tatu tusingekuwa na 2²⁵⁵ − 19 hata kidogo. Ukitaka kuijaribu kwa kugawa, namba moja baada ya nyingine, unatakiwa ufike kwenye kipeuo chake cha pili, nacho ni namba yenye tarakimu 39. Kompyuta inayojaribu vigawo trilioni moja kwa sekunde, hata ikiruka namba shufwa zote, ingehitaji muda unaozidi mara milioni 200 ya umri wa ulimwengu. Kwa hiyo anayesema namba hii ni tasa hakuijaribu kwa kugawa. Aliijuaje?

Ili tuelewe, tutumie mdogo wake. Namba 61 ni 2⁶ − 3, kama kubwa ilivyo 2²⁵⁵ − 19. Zote mbili ni namba tasa iliyo karibu kabisa chini ya kipeo chake cha 2: kati ya 61 na 64 hakuna tasa, na kati ya namba yetu na 2²⁵⁵ zipo namba witiri tisa ambazo zote zinavunjika. Zote mbili zikigawanywa kwa 8 zinabakiza 5. Kwa kubwa tazama tarakimu tatu za mwisho tu, 949, maana elfu yoyote inagawanyika kwa 8. 949 toa 944 ni 5. Na kwa sababu kila tasa inayobakiza 1 ikigawanywa kwa 4 ni jumla ya namba mbili za mraba, 61 ni 25 na 36, na ile ya tarakimu 77 nayo ni jumla ya miraba miwili, ingawa miraba hiyo mtu hataiandika kwa furaha.

Sasa tuhesabu kwa duara. Waswahili hatuhitaji somo refu hapa, kwani saa yetu ni duara la 12: saa 10 jioni ukiongeza muda wa saa 5 unafika saa 3 usiku, wala hakuna anayesema saa 15. Tufanye vivyo hivyo kwa duara la 61, yaani kila hesabu ikizidi 61 tunabaki na baki. Hapa ndipo umbo la namba linapolipa. Kwa kuwa 64 inazidi 61 kwa 3, kila 64 unayoikuta unaweza kuiweka kando na kuandika 3 badala yake. Chukua 1,000. Ndani yake mna 64 kumi na tano na ziada ya 40. Zile kumi na tano zinageuka kuwa 45. Ongeza 40, unapata 85. Toa 61, inabaki 24. Hukugawa kwa 61 hata mara moja. Kompyuta huhesabu kwa vipeo vya 2, kwa hiyo kwake kuziona 64 ni sawa na sisi kuona makumi na mamia. Kwa namba kubwa kila 2²⁵⁵ inageuka kuwa 19, na simu ya bei ndogo inaifanya kazi hiyo haraka. Daniel Bernstein, aliyeuchapisha mfumo unaotumia namba hii mwaka 2006, alieleza kwa nini alichagua 19: alikuwa na namba tasa kadhaa jirani na vipeo vya 2, zenye nyongeza au punguzo la 31, 39, 51, 79 na 95, na 19 ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo sababu nzima. Siijui sababu nyingine katika historia ya siri iliyo ya kishamba namna hiyo, na kwa neno kishamba namaanisha sifa: ni sababu ambayo mkulima anaweza kuirudia kwa kichwa.

Hapa msikilizaji makini atainua mkono. Kama namba yenyewe imechapishwa, na wewe umeisoma mbele yetu tarakimu kwa tarakimu, inatunzaje siri? Kufuli ambalo funguo zake zimetundikwa sokoni ni kufuli gani? Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake lilipatikana mwaka 1976, katika kazi ya Whitfield Diffie na Martin Hellman. Namba tasa si ufunguo. Ni uwanja ambao funguo zinachongwa. Turudi kwenye 61. Mkulima na dalali wanakubaliana hadharani, mbele ya kila mpita njia, kutumia duara la 61 na namba 2. Mkulima anachagua kipeo chake kimoyomoyo, tuseme 8. Anakokotoa 2⁸, yaani 256, anatoa 244, inabaki 12. Anaitangaza 12. Dalali naye kimoyomoyo anachagua 11. 2¹¹ katika duara hilo ni 35, anaitangaza. Sasa mkulima anachukua 35 ya mwenzake na kuipandisha kwa 8 yake: 35 mara 35 ni 1,225, inabaki 5, 5 mara 5 ni 25, 25 mara 25 ni 625, inabaki 15. Dalali anachukua 12 na kuipandisha kwa 11 yake, naye anafika 15. Wote wawili wana 15, na 15 haikutamkwa popote. Aliyesikiliza kila neno amesikia 61, 2, 12 na 35. Njia inayojulikana ya kuipata 15 ni kujua kwanza kipeo kilichoipeleka 2 hadi 12, au kile kilichoipeleka hadi 35. Kwa duara la 61 atajaribu vipeo vyote kabla chai haijapoa. Kwa duara la tarakimu 77 orodha ya kujaribu ni ndefu mno kwa kompyuta yoyote. Niseme ukweli wote: mfumo wa Bernstein haupandishi vipeo moja kwa moja hivi, bali unarukaruka kwenye nukta za mstari uliopinda, ambazo vipimo vyake vinahesabiwa katika duara la 2²⁵⁵ − 19. Sura ya hoja haibadiliki, ila kwenye mstari huo mwizi ana njia chache zaidi za mkato.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, nalo linaigusa hoja yangu penyewe. Umesema kila mtu anaweza kukagua, ataniambia mwingine, lakini aliyeithibitisha namba ya tarakimu 77 ni kompyuta. Basi tumetoka kumwamini padri Mersenne tukaingia kuiamini mashine, na tofauti ni nini? Tofauti ni kwamba uthibitisho wenyewe ni mfupi. Fermat yuleyule aliyekosea kuhusu 4,294,967,297 aliacha pia kanuni iliyothibitishwa baadaye na ambayo haijawahi kuanguka: ikiwa duara ni la namba tasa, namba yoyote ndani yake, ukiacha 0, ikipandishwa kwa kipeo kilicho pungufu ya duara kwa 1, inarudi kwenye 1. Tuijaribu kwa 61, tupandishe 2 kwa kipeo cha 60. Tayari tunajua 2⁶ ni 3. Kwa hiyo 2⁶⁰ ni sawa na 3¹⁰. Lakini 3⁵ ni 243, na 244 ni 61 mara nne, basi 3⁵ imepungukiwa na 1 tu kufika kwenye duara kamili. Ni kama −1. Izidishe kwa yenyewe, unapata 1. Mistari mitatu ya daftari imetosha. Namba ambayo si tasa kwa kawaida hukamatwa hapa, na ndivyo inavyowezekana kujua mna panya bila kumwona.

Nimesema kwa kawaida, kwa sababu wapo wadanganyifu. Namba 561 ni 3 × 11 × 17, lakini ukiipandisha 2 kwa kipeo cha 560 katika duara lake utapata 1 kana kwamba ni tasa; ni hivyohivyo kwa namba yoyote isiyo na kigawo cha pamoja nayo. Mwaka 1994 ilithibitishwa kwamba wadanganyifu wa aina hii hawana mwisho. Kwa hiyo kipimo cha Fermat kinaweza kutia hatiani lakini hakiwezi peke yake kuachilia huru. Lucas alikiongezea sharti. Itazame safari ya 2 katika duara la 61: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 3, 6, na kuendelea. Tunajua kwamba hatua ya 60 inairudisha kwenye 1. Swali ni kama iliwahi kurudi mapema. Kama iliwahi, ingekuwa imerudi pia katika hatua ya 30, au ya 20, au ya 12, yaani 60 ikigawanywa kwa vigawo vyake tasa 2, 3 na 5. Katika hatua ya 30 tuko kwenye 60, katika ya 20 tuko kwenye 47, katika ya 12 tuko kwenye 9. Hakuna 1. Basi safari ilipita vituo 60 tofauti, ambavyo ni namba zote kuanzia 1 hadi 60. Kama 61 ingekuwa na kigawo, kigawo hicho kingekuwa mojawapo ya vituo hivyo, na kutoka hapo ungeendelea kuzidisha kwa 2 hadi ufike 1. Lakini kigawo cha 61 ukikizidisha kwa chochote, baki itaendelea kugawanyika kwa kigawo hichohicho, na 1 haigawanyiki. Kwa hiyo kigawo hakipo. Hatukujaribu kugawa 61 kwa lolote, na bado tumemaliza kesi.

Njia hiyohiyo inaifaa namba kubwa. Ipunguze 1, na kinachobaki kinavunjika kuwa 2 × 2 × 3 × 65,147 na namba tasa moja yenye tarakimu 71. Mwaka 1914 Henry Pocklington alionyesha kwamba kigawo kimoja kikubwa namna hiyo kinatosha kubeba uthibitisho wote, hivyo vingine vinaweza kupumzika. Ile ya tarakimu 71 nayo inadai uthibitisho wake, nao unasimama juu ya namba ndogo zaidi, na hivyo kushuka kama nasaba mpaka ufike kwenye namba ambazo mtoto anazijua. Na ni kazi ya ukubwa gani? Kuipandisha 2 kwa kipeo kikubwa kile kunataka kuzidisha namba kwa yenyewe mara 254, na kila mara kubaki na baki. Chukua darasa la wanafunzi 77, darasa ambalo katika nchi yetu si la kubuni. Kila mmoja apewe tarakimu moja, aizidishe kwa tarakimu zote 77. Kwa sekunde mbili kwa kila tendo, mizunguko 254 inachukua muda wa saa 11 hivi. Ongeza kujumlisha safu, kugawa ili kupata baki, na kurudia walipokosea. Hata muda huo ukizidishwa mara tano, ni wiki mbili za masomo. Simwombi mwalimu yeyote afanye hivyo. Nasema tu kwamba mashine inatumika kwa ajili ya haraka. Haijashika ujuzi ambao sisi tumenyimwa. Tena mashine zenyewe zinaweza kushindanishwa, moja imetengenezwa huku na nyingine kule, kwa programu zilizoandikwa na watu wasiojuana.

Lakini namba hii imetoka ng'ambo, atasema wa tatu. Singida inalima alizeti na vitunguu, nayo imeipokea tu kama inavyopokea simu na betri. Sikubali. Kinachopokelewa bila kukaguliwa ni bidhaa. Uthibitisho si bidhaa, kwa sababu anayeupokea sawasawa anaufanya upya, na akimaliza anakuwa na kilekile alichokuwa nacho wa kwanza. Tena madhara ya kupokea bila kukagua tumeyaona, nayo hayakuwapata watu wa mbali pekee. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 2006 iliweka katika viwango vyake njia ya kuzalisha namba za nasibu iliyoitwa Dual EC DRBG. Ndani yake mlikuwa na nukta mbili zilizotolewa bila kueleza zilikotoka. Mwaka 2007 watafiti wawili walionyesha kwamba aliyezichagua nukta hizo angeweza kuwa amejiwekea mlango wa nyuma. Mwaka 2013 nyaraka alizozitoa Edward Snowden zilitia nguvu shaka kwamba shirika la ujasusi la nchi hiyo lilikuwa limefanya hivyo hasa, na mwaka 2014 NIST ikaiondoa njia hiyo. Ni kuanzia hapo namba ya Bernstein ilipopata wafuasi wengi. Haikuwa na nukta zisizo na maelezo. Ukiuliza kwa nini 19, jibu ni kwamba 19 ni ndogo kuliko 31.

Kuhusu namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana nitapita haraka, kwa kuwa magazeti huipenda kuliko inavyostahili. Tangu Oktoba 2024 ni 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320, iliyopatikana na Luke Durant wa Marekani kwa kuunganisha kompyuta nyingi. Ni kazi nzuri, na kabla ya kutangazwa ilipimwa upya kwa programu na mitambo tofauti, jambo linaloipa hoja yangu nguvu. Ila haitunzi siri ya mtu yeyote. Ni ndefu mno kwa kazi hiyo, kama mti wa mbuyu usivyofaa kuwa nguzo ya kibanda. Nikiwa hapohapo niondoe na dhana nyingine inayopendwa huku kwetu: mizunguko ya mbegu kwenye ua la alizeti, ambayo ukihesabu mara nyingi unakuta 34 na 55, au 55 na 89, haifuati namba tasa. Inafuata mlolongo ambao kila namba yake ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Kwamba 89 ni tasa ni bahati yake. 34 na 55 si tasa, na alizeti haijali.

Limebaki pingamizi ambalo silijibu kwa kulishinda. Umethibitisha kwamba namba ni tasa, nitaambiwa. Je, umethibitisha kwamba siri haifunguki? Hapana, na hakuna aliyewahi. Kwamba kipeo kilichofichwa ni kigumu kukipata ni jambo linaloaminika kwa sababu watu hodari wamejaribu kwa miaka mingi wakashindwa. Huo ni ushahidi, tena mzuri, lakini ni ushahidi wa aina ileile iliyomfanya Fermat aamini mlolongo wake baada ya namba tano. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta, ikijengwa kubwa na imara vya kutosha, itakipata kipeo hicho kwa haraka, na duara la tarakimu 77 halitasaidia. Kompyuta ya ukubwa huo haijajengwa. Hata hivyo walinzi hawakungoja: Septemba 2023 programu ya Signal ilianza kuweka njia ya pili kando ya ile ya 2²⁵⁵ − 19, na Agosti 2024 NIST ikatoa kiwango kipya cha njia hiyo. Ugumu wake nao haujathibitishwa. Umejaribiwa kwa miaka michache zaidi kuliko ule wa kwanza, na anayetaka kuuamini aijue tofauti hiyo kabla hajaanza.

Ndani ya njia mpya nayo mna duara, na duara hilo ni la namba tasa. Safari hii tarakimu hazifiki 77, ni nne tu: 3,329. Darasa la wanafunzi 77 lingekosa kazi. Kipeuo chake cha pili hakifiki 58, kwa hiyo ni namba tasa 16 tu za kujaribu, kuanzia 2 hadi 53. Kwa 13 inakoswa kwa moja, maana 13 × 256 ni 3,328. Kwa 37 inakoswa kwa moja upande wa pili, maana 37 × 90 ni 3,330. Zilizobaki 14 zinaenea katika nusu ukurasa wa daftari.